Muulize Mama Samaki: Tezi imefungwa ndani ya fuvu, inajuaje kwamba nje kuna mwanga?

*Shikamoo Mama Samaki. Mimi ni mmoja wa vijana uliotufundisha kuzalisha vifaranga vya kambare. Siku ile tulipofungua kichwa cha dume ukatuonyesha ile tezi ndogo, ulisema ndiyo bohari ya homoni: za uzazi, za ukuaji, hata za rangi ya ngozi. Sasa rafiki yangu aliye chuo ananiambia Wajapani wamegundua kwamba kwa samaki fulani tezi hiyohiyo inahisi mwanga yenyewe, haihitaji macho. Nimebisha naye mpaka usiku. Tezi iko chini ya ubongo, ubongo uko ndani ya fuvu, fuvu limefunikwa na ngozi. Mwanga unapita wapi? Na hata kama ni kweli, sisi wenye mabwawa inatuhusu nini? – Kijana wa Sengerema*

Marahaba mwanangu. Mpigie rafiki yako simu umwambie ameshinda. Lakini ubishi wako ni wa maana, na nimeufurahia, kwa sababu umeuliza swali ambalo watu wenye elimu kubwa waliliuliza zaidi ya miaka 100 iliyopita.

Turudi kwanza mezani, kwenye kile kichwa. Unakumbuka tulivyofanya: dume ameshauawa, taya la chini limekatwa, kichwa kimelazwa chali, kisha kisu kinachonga kidirisha kwenye mfupa wa paa la kinywa. Ukiinua kile kipande cha mfupa unaona, chini ya ubongo, kitone cheupe chenye wekundu kidogo. Ndiyo pituitari. Nilikupa uishike kwa koleo ndogo ukaogopa kuiangusha, na ulikuwa na haki ya kuogopa, maana jike mzima alikuwa anaisubiri. Tuliisaga kwenye kinu kidogo, tukaichanganya na maji yenye gramu 9 za chumvi kwa lita, tukamdunga jike kwenye mnofu wa mgongo huku amefunikwa taulo bichi kichwani. Maji yalikuwa ya nyuzi 25. Baada ya muda wa kama saa 11 mayai yalikamuliwa yakatoka yenyewe, laini, kama uji wa ulezi unavyomiminika.

Ile sindano ilikuwa ni udanganyifu, na hapa ndipo swali lako linapoanzia. Jike wa kambare aliye bwawani hujaa mayai, tumbo likawa kubwa, na bado hatagi. Anasubiri mvua zinyeshe, maji yapande, yafurike kwenye majani. Mpaka ishara hiyo ifike, ubongo wake unaizuia pituitari isimwage homoni ya kutagisha. Sisi tunapita mlango wa nyuma: tunachukua homoni iliyokwisha kutengenezwa na samaki mwingine na kumpa yeye. Kwa hiyo tangu zamani tumejua kwamba pituitari ni mtumishi. Dunia inasema, macho na ngozi vinasikia, ubongo unapima, pituitari inatumwa. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa, na hivyo ndivyo nilivyokufundisha wewe.

Kazi aliyokusimulia rafiki yako inaongeza jambo kwenye mpangilio huo. Ilichapishwa Januari 2025 katika jarida la Science, na miongoni mwa walioifanya ni Shinji Kanda wa Chuo Kikuu cha Tokyo. Samaki wao anaitwa medaka, kisamaki cha mashamba ya mpunga ya Japani, urefu wake sentimita tatu au nne, yaani si mkubwa kuliko dagaa wa kawaida. Ndani ya pituitari ya medaka kuna seli ambazo kazi yake ni kutoa homoni iitwayo MSH. Homoni hii ikiingia kwenye damu na kufika kwenye ngozi, inaziamsha seli za ngozi zitengeneze melanini, ile rangi nyeusi ambayo hata sisi tunayo.

Watafiti walitumia kipimo kinachong'aa pale kalsiamu inapopanda ndani ya seli. Kalsiamu ikipanda kwenye seli ya tezi, ujue seli hiyo inajiandaa kumwaga homoni yake. Wakaimulika pituitari kwa mwanga wa mawimbi mafupi, ule wa upande wa urujuani na urujuanimno, ambao jua la mchana limejaa. Kalsiamu ikapanda kwa nguvu. Katika seli zile walikuta protini ya kupokea mwanga inayoitwa Opn5m, ya ukoo uleule wa protini za opsini zilizoko nyuma ya jicho lako unaposoma ukurasa huu. Walipozalisha medaka wasio na jeni ya protini hiyo, kimeng'enya kinachotengeneza melanini kilipungua kwenye ngozi yao.

Angalia uzito wa jambo hilo. Seli ileile moja inapokea mwanga na seli ileile inatoa homoni. Haikutumwa na jicho, haikungoja amri ya ubongo. Wenyewe wanadhani huenda ni kinga: jua kali linapiga kichwa cha samaki anayekaa kwenye maji ya kina kifupi, tezi inahisi miale inayounguza, inaagiza ngozi ijipake weusi. Mimi dhana hiyo naiona ina mantiki, ukifikiria shamba la mpunga saa sita mchana, maji yakiwa ya kifundo cha mguu.

Sasa mwanga unapita wapi? Fanya hivi usiku wa leo. Zima taa, washa tochi ya simu, ibane kwenye kiganja chako. Utaona nyama inawaka nyekundu. Kiganja ni kinene kuliko kichwa kizima cha medaka, na bado mwanga umetokea upande wa pili. Nyama yetu hupitisha zaidi ule mwekundu na kuuzuia wa urujuani, lakini fuvu la samaki wa sentimita tatu ni jembamba kama kucha ya mtoto, na hata mwanga wa urujuani unapenya kiasi cha kutosha. Kambare ni habari nyingine. Umepambana na mfupa wa kichwa chake kwa mikono yako, unajua ulivyo. Kwa hiyo usichukue matokeo ya medaka ukamvika kambare. Nilichotaka ukione ni kwamba fuvu si ukuta wa tofali.

Nilisema swali lako lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1911 Karl von Frisch, yule ambaye baadaye, mwaka 1973, alipata Tuzo ya Nobel, na ambaye wengi wanamjua kwa kazi yake ya nyuki, alikuwa anafanya kazi na visamaki vya mtoni vya Ulaya. Aliwapofusha, kisha akamulika sehemu ndogo ya kichwa, kati ya macho. Rangi ya ngozi ikabadilika. Kila mtu angesema ni tezi ya pineali, kwa kuwa iko hapohapo juu ya ubongo. Akaiondoa. Samaki wakaendelea kubadilika rangi mwanga ulipowapiga kichwani. Basi akajua kwamba ndani zaidi, kwenye ubongo wenyewe, kuna kitu kinachohisi mwanga. Hakuwa na vifaa vya kukionyesha hicho kitu. Ilibidi miaka mingi ipite, ndipo opsini zilizo nje ya jicho zikaanza kupatikana kwa samaki, moja baada ya nyingine.

Mwaka 1928 Mjerumani mmoja, Ernst Scharrer, akichunguza visamaki vya aina hiyohiyo, aliona seli za neva kwenye sakafu ya ubongo zilizojaa chembechembe kama seli za tezi. Akasema hizi ni neva zinazotoa homoni. Wenzake walimpinga kwa muda mrefu. Leo hakuna anayesomea tiba ya binadamu bila kufundishwa jambo hilo, na ninapenda kuwakumbusha vijana kwamba lilianzia kwenye kichwa cha samaki wa kidole kimoja.

Kuhusu pineali yenyewe niongeze kidogo, kwa kuwa ndiyo iliyo rahisi kuielewa. Kwa samaki, pineali ina seli zinazofanana sana na zile za jicho, na usiku inatengeneza homoni ya melatonini. Mwanga ukiingia, utengenezaji unakoma. Ukitoa pineali ya trauti, wale wanaofugwa kwenye maji baridi ya Mlima Kenya, ukaiweka kwenye kibakuli maabara, itaendelea kutoa melatonini gizani na kuacha kwenye mwanga, ingawa hakuna tena samaki wala ubongo. Samaki wengine wana saa ndani ya pineali, hata ukiwaweka gizani moja kwa moja melatonini inapanda na kushuka kwa siku. Trauti hana saa hiyo. Yeye anafuata mwanga tu. Jodari wa bahari yetu naye ana sehemu ya kichwa, katikati juu ya macho, ambapo mwanga hupenya mpaka kwenye pineali. Siku ukiwa Pwani, mwombe mchuuzi akuoneshe kichwa kabla hajakipasua.

Kisha kuna kifuko. Nyuma ya pituitari, chini ya ubongo wa samaki wengi, kuna kifuko chekundu chenye mishipa mingi ya damu. Wapasuaji walikichora tangu karne ya 17 na hawakujua ni cha nini. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya walionyesha kwamba, kwa samoni wa Japani aitwaye masu, kifuko kile ndicho kinachopima urefu wa mchana. Ndani yake mna opsini na mna homoni zinazoanzisha msimu wa uzazi. Samoni yule hukomaa siku zinapofupika kuelekea majira ya baridi. Walipoondoa kifuko, mchana ukafupishwa, na korodani hazikukua. Karne tatu kitu kiko mezani, kila mpasuaji anakiona, na kazi yake haijulikani. Nilipoisoma habari hiyo niliweka karatasi chini nikatoka nje kwanza.

Umeuliza inatuhusu nini. Hapa Mwanza, kutoka siku ndefu kuliko zote mpaka fupi kuliko zote kwa mwaka, tofauti ni kama dakika 17 tu. Huko Japani ni masaa. Kwa hiyo usitegemee kambare wako ahesabu dakika za jua ili ajue masika, mvua inamtosha. Lakini mwanga wa mchana na giza la usiku uko kila siku, na sisi ndio tunaouharibu tunapomleta samaki ndani ya nyumba. Kituo kimoja nilichowahi kufanyia kazi kiliweka taa ya ulinzi juu kabisa ya matangi ya vifaranga vya kambare, ikiwaka usiku kucha. Asubuhi tulikuwa tunawakuta wamerundikana kwenye kona moja yenye kivuli cha bomba, wamelaliana tabaka juu ya tabaka, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa. Tulibadilisha maji, tukabadilisha chakula, tukalaumu mayai. Wiki ya pili mlinzi mmoja ndiye aliyesema, "Mama, hawa si wanakimbia taa?" Tukafunika tangi kwa turubai jeusi. Kesho yake walikuwa wametawanyika tangi zima. Niliwapoteza wengi kwa kutomuuliza mlinzi mapema, na tangu siku hiyo daftari langu la kituo lina safu ya mwanga karibu na safu ya joto la maji. Weka na wewe.

*Mama Samaki, sisi wavuvi wa dagaa tunajua mwezi ukiwa mkubwa hatutoki. Taa haivuti kitu. Je, dagaa anafuata taa kwa macho au kwa hizo seli za kwenye ubongo ninazosikia? – Mvuvi, Ukerewe*

Kwa macho kwanza, baba. Dagaa wa Ziwa Victoria mchana hukaa chini, usiku hupanda juu kula vidudu vya majini, na macho yake ni makubwa ukilinganisha na mwili. Mbalamwezi ikitandaza mwanga ziwa zima, taa yako, iwe karabai ya zamani au hizi za sola za siku hizi, haina giza la kushindana nalo. Dagaa haoni sababu ya kukusanyika mahali pamoja.

Lakini usizitupe seli za ubongo. Kuna kisamaki cha Asia Kusini chenye mistari kama pundamilia ambacho maabara nyingi duniani hukifuga. Mwaka 2012 watafiti walichukua vifaranga vyake, wakaviondoa macho, kisha wakazima taa. Vifaranga vile visivyo na macho vilianza kuhangaika na kuogelea huku na huko, na palipobaki doa la mwanga vilizidi kukusanyika hapo. Kilichofanya kazi ni opsini iliyoko ndani ya ubongo. Nakutajia samaki huyo kwa sababu ni ndugu wa ukoo wa dagaa wako wa Victoria. (Dagaa wa Kigoma ni wa ukoo mwingine, na wa Unguja vilevile, jina ni moja tu sokoni.) Dagaa wako yeye hakuwa kwenye jaribio lile. Ila ningekuwa na maabara, ndiye ambaye ningeanza naye.

*Nina matangi ya sato ndani ya banda. Mwenzangu ananiambia niwashe taa usiku kucha, eti wanakua haraka na hawazaani ovyo. Umeme ni ghali. Nifanye? – Mfugaji wa kike, Kibaha*

Mwenzako hakulitoa hewani. Wafugaji wa samoni wa Norwei na Uskoti huteremsha taa kwenye vizimba vyao vya baharini majira ya baridi na kuziacha zikiwaka usiku mpaka majira ya kiangazi yanapokaribia. Samoni wao anatumia mabadiliko ya urefu wa mchana kuamua kama mwaka huu azae. Akishaamua kuzaa, mnofu unageuka kuwa mayai na nyama inapoteza rangi na thamani. Taa inamchanganya, uamuzi unaahirishwa, mwili unaendelea kukua.

Kwa sato majaribio yapo pia, na hapa ndipo nataka uwe mwangalifu, mdogo wangu. Katika jaribio moja, majike waliopewa mwanga kwa saa 18 na giza saa 6 walitaga mayai mengi zaidi na kwa vipindi vifupi zaidi. Katika jingine, mwanga usiozimwa kabisa ulichelewesha uzazi na kuongeza ukuaji. Umeona? Saa 6 za giza zikiwepo au zisipokuwepo, tezi inapokea habari tofauti, na wewe unayetaka sato wasizaane unaweza kujikuta umewahimiza wazae. Anayekwambia "washa tu taa" bila kukutajia idadi ya saa hajakusaidia.

Kwa hiyo usiwashe banda zima. Chukua matangi mawili yanayolingana, vifaranga wa mzao mmoja, idadi moja, chakula kimoja kilichopimwa kwa mizani. Tangi moja liwe na mchana na usiku wa kawaida, na usiku wake uwe giza kweli, pasiwe na mwanga unaopenya kutoka tangi la jirani. Tundika turubai katikati. Lingine liwekee taa isiyozimwa, balbu ndogo, si ile ya kumulika uwanja. Ukilazimika kuwasha taa palipokuwa na giza, anza na mwanga hafifu, maana sato akishtuliwa gizani hujigonga kwenye kuta na magamba yakang'oka, na jeraha lile ni mlango wa fangasi. Kila baada ya wiki mbili vua samaki 30 kila tangi, wapime uzito, fungua midomo ya majike uangalie kama wana mayai. Andika na gharama ya umeme.

Miezi mitatu inatosha kukupa jibu la banda lako. Niletee daftari hilo, nitachapisha namba zako kwenye ukurasa huu zilivyo, hata kama tangi la giza ndilo litakaloshinda.